Kupanda na Kushuka kwa Namba: Namna ya Kusoma Jedwali la Vipimo

Miongoni mwa maswali ambayo mwanafunzi wa shule ya sekondari huyaona kuwa mepesi ni lile linalompa jedwali la vipimo na kumtaka ataje vipindi ambavyo kiasi fulani kinaongezeka na vipindi ambavyo kinapungua. Hakuna kanuni ya kukariri wala hesabu ndefu. Macho yanatazama namba, kalamu inaandika jibu. Hata hivyo, mwalimu anayesahihisha swali hili hukuta majibu ya kila namna, na mara nyingi mwanafunzi aliyekosea haoni amekosea wapi.

Sababu ni kwamba swali hili limebeba maswali mawili. La kwanza linahusu jedwali lenyewe: namba zilizoandikwa zinafuatana namna gani? La pili linahusu kitu kilichopimwa, iwe ni bahari, mvua, watu au joto: kitu hicho kilikuwa kikifanya nini, pamoja na zile nyakati ambazo hapakuwa na mtu wa kukipima? Swali la kwanza hujibiwa kwa kutoa namba moja kutoka nyingine. La pili haliwezi kujibiwa na jedwali peke yake; lazima msomaji alete ujuzi wake wa kitu kinachozungumzwa.

KUJAA NA KUPWA KWA MAJI

Mfano unaofahamika na wakazi wa mwambao wote, tangu Lamu hadi Mtwara, ni kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Mwanamke anayekwenda mwambani kutafuta pweza, au mkulima wa mwani wa Unguja anayekwenda kuangalia kamba zake, hatazami kina cha maji peke yake. Anataka kujua maji yanaelekea wapi. Maji ya magotini yanayopwa ni ruhusa ya kuendelea na kazi. Maji ya magotini yanayojaa ni amri ya kurudi, hasa ikiwa kati ya mwamba na ufuko pana mkondo wenye kina.

Jedwali la 1 linaonyesha kimo cha maji, kwa mita, kilichohesabiwa kila baada ya saa 2 kwa siku moja ya bamvua. Namba hizi hazikupimwa katika bandari yoyote. Zimekokotolewa kwa ajili ya somo hili kwa kanuni rahisi ya wimbi: maji hupanda mita 1.6 juu ya wastani wa mita 2.0 na kushuka mita 1.6 chini yake, yakijaa kila baada ya saa 12 na dakika 25, na siku hiyo yalijaa saa 10 kamili alfajiri. Ukubwa wake ni wa kawaida kwa pwani ya Tanzania, ambako tofauti ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Jedwali halisi la bandari hutengenezwa kwa kujumlisha mawimbi mengi ya aina hii, kila moja na muda wake. Mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba ya kufanya hesabu hiyo ya kuchosha.

Jedwali la 1: Kimo cha maji

| Saa | Kimo (mita) | Tofauti na kipimo kilichotangulia |
|---|---|---|
| 12 asubuhi | 2.8 | |
| 2 asubuhi | 1.3 | −1.5 |
| 4 asubuhi | 0.4 | −0.9 |
| 6 mchana | 1.0 | +0.6 |
| 8 mchana | 2.5 | +1.5 |
| 10 jioni | 3.6 | +1.1 |
| 12 jioni | 3.1 | −0.5 |

Safu ya tatu ndiyo kazi yote ya swali la kwanza. Kila kipimo hutolewa kutoka kipimo kinachokifuata. Penye alama ya kujumlisha kiasi kimeongezeka, penye alama ya kutoa kimepungua, na kama pangekuwa na sifuri kiasi kisingebadilika. Alama zinazofanana na kufuatana hukusanywa pamoja. Jibu la jedwali hili, basi, ni kwamba kimo kinapungua tangu saa 12 asubuhi hadi saa 4 asubuhi, kinaongezeka tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na kinapungua tena tangu saa 10 jioni hadi saa 12 jioni.

Mwanafunzi aangalie kwamba jibu limeandikwa kwa saa, si kwa mita. Wako wanaoandika kwamba kiasi kinaongezeka «tangu 0.4 hadi 3.6». Hilo linaeleza maji yamepanda kutoka wapi kwenda wapi, lakini halijibu swali lililoulizwa, yaani yalipanda lini. Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuchanganya ukubwa na ongezeko. Saa 2 asubuhi kimo ni mita 1.3 na saa 6 mchana ni mita 1.0. Asiyetazama safu ya tatu atadhani saa 6 ni salama zaidi kwa mtu aliye mwambani, kwa kuwa maji ni machache. Lakini saa 2 maji yanakwenda zake, na saa 6 yanarudi kwa nguvu: katika saa 2 zinazofuata yatapanda mita 1.5, ambacho ni kimo cha kifua cha mtu mzima na zaidi.

Wanafunzi hupenda kubishana kuhusu saa 4 asubuhi. Je, saa hiyo ni ya kipindi cha kupungua au cha kuongezeka? Ubishi huu humalizika mara maana ya maneno inapotolewa kwa ukamilifu. Kiasi huongezeka katika kipindi fulani iwapo, kwa nyakati mbili zozote zilizochaguliwa ndani ya kipindi hicho, ile ya baadaye ina kipimo kikubwa kuliko ile iliyotangulia. Maana hii inazungumza juu ya nyakati mbili zinazolinganishwa. Wakati mmoja peke yake hauongezeki wala haupungui, kama vile mtu mmoja aliye peke yake hawezi kuitwa mrefu kuliko mwenzake. Kwa hiyo saa 4 inaweza kuwa mwisho wa kipindi kimoja na mwanzo wa kingine bila kuharibu lolote.

Maana hiyo inadai nyakati mbili zozote, ilhali safu ya tatu inalinganisha jirani tu. Je, inatosha? Inatosha, kwa sababu 0.4 ikiwa ndogo kuliko 1.0, na 1.0 ndogo kuliko 2.5, basi 0.4 haina budi kuwa ndogo kuliko 2.5. Ujirani unabeba ulinganisho wote uliobaki, mradi nyakati zimepangwa kwa mfuatano wake. Watunga mitihani wengine huzichanganya kwa makusudi, na mwanafunzi asiyezipanga kwanza hupata alama zisizo na maana yoyote.

MAJI YALIGEUKA SAA NGAPI?

Jedwali linasema kipimo kidogo kuliko vyote ni cha saa 4 asubuhi. Halisemi kwamba maji yaligeuka saa 4. Kama bahari iligeuka mara moja tu asubuhi hiyo, kinachoweza kusemwa kwa hakika ni kwamba iligeuka baada ya saa 2 na kabla ya saa 6. Mwanafunzi agundue kwamba kipindi hicho ni cha saa 4 nzima, si saa 2. Kipimo kidogo kabisa kinaweza kuwa upande wowote wa mgeuko wa kweli.

Inawezekana kukadiria vizuri zaidi. Tofauti ya −0.9 ni badiliko la kati ya saa 2 na saa 4, na inafaa ichukuliwe kuwa ni ya katikati yake, yaani saa 3. Vivyo hivyo +0.6 iwe ya saa 5. Badiliko limetoka −0.9 hadi +0.6 katika saa 2, yaani limesogea kwa 1.5. Ili lifike sifuri lazima lisogee kwa 0.9, ambayo ni sehemu 9 kati ya 15 za mwendo huo. Sehemu 9 kati ya 15 za saa 2 ni saa 1 na dakika 12. Zikiongezwa kwenye saa 3, jibu ni saa 4 na dakika 12.

Kwa kuwa jedwali hili lilitokana na kanuni inayojulikana, jibu laweza kukaguliwa. Maji yalijaa saa 10 alfajiri. Nusu ya saa 12 na dakika 25 ni saa 6 na dakika 12 na nusu. Kwa hiyo yalipwa kabisa saa 4 na dakika 12 na nusu asubuhi. Kadirio limekosea kwa nusu dakika, ingawa vipimo vilikuwa mbali kwa saa 2 na vilikatwa kwenye desimali moja. Njia hiyo hiyo kwa maji kujaa, ikitumia +1.1 ya saa 9 na −0.5 ya saa 11, inatoa saa 10 na dakika 22 na nusu. Ukweli ni saa 10 na dakika 25.

Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita atatambua hapa kitu anachokutana nacho katika kalkulasi: mahali pa mgeuko ni pale ambapo kasi ya badiliko ni sifuri. Tofauti yake ni kwamba kalkulasi hudai kanuni, na mpima maji hana kanuni. Ana safu ya namba tu. Kutoa namba jirani ni kalkulasi ya mtu asiye na kanuni.

MPIMAJI ANAYEKWENDA MARA MOJA KWA SIKU

Kadirio lililotangulia lilifaulu kwa sababu bahari haibadiliki ghafla ndani ya saa 2. Hilo halikuandikwa popote katika jedwali. Lilitokana na ujuzi wa bahari, na bila ujuzi huo jedwali linaweza kumpoteza msomaji kabisa.

Fikiria mwanafunzi mwenye bidii anayekwenda pwani kila siku saa 12 kamili asubuhi, bila kukosa, na kuandika kimo cha maji kwenye mti wenye alama. Kwa bahari ile ile ya Jedwali la 1, akianza siku ile ile na kuendelea kwa siku 16, daftari lake litakuwa na namba hizi: 2.8, 3.3, 3.6, 3.5, 3.2, 2.7, 2.1, 1.4, 0.9, 0.5, 0.4, 0.6, 1.0, 1.6, 2.3, 2.9.

Atoe namba jirani kama alivyofundishwa. Atapata kwamba kimo kinaongezeka tangu siku ya 1 hadi ya 3, kinapungua tangu siku ya 3 hadi ya 11, na kinaongezeka tangu siku ya 11 hadi ya 16. Hesabu yake haina kosa hata moja. Vipimo vyake ni sahihi. Akichora grafu atapata wimbi zuri laini, lisilo na kona wala mashaka, linalosema kwamba bahari hujaa na kupwa mara moja kwa muda wa karibu majuma mawili. Ndani ya zile siku 8 za «kupungua» bahari imejaa na kupwa mara 15 au zaidi.

Wimbi hilo limetoka wapi? Kwa wastani Mwezi huchukua saa 24 na dakika 50 kurudi mahali pale pale angani, na katika muda huo maji hujaa mara mbili. Mpimaji wetu anafuata Jua, yaani anarudi kila baada ya saa 24. Kila siku, kwa hiyo, anaikuta bahari ikiwa nyuma kwa dakika 50 kuliko jana. Anachokichora si mwendo wa maji. Anachora mwendo wa kuachana kwa saa mbili, ile ya Jua na ile ya Mwezi, ambazo hukutana tena baada ya siku 14 na robo tatu hivi.

Jambo la kuchekesha, na la hatari, ni kwamba mwanafunzi huyo anaweza kudhani amethibitisha habari za bamvua, kwa maana bamvua nayo hurudi kwa muda huo huo, baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Lakini wazee wa pwani hawakusema kwamba wakati wa bamvua bahari iko juu. Bamvua ni wakati ambapo maji hujaa sana na pia hupwa sana; maji mafu ni wakati ambapo hayaendi mbali upande wowote. Kiswahili kimeweka maneno mawili kwa mwendo wa siku, kujaa na kupwa, na mengine mawili kwa mwendo wa nusu mwezi, bamvua na maji mafu, na hakiyachanganyi. Daftari la saa 12 asubuhi limechanganya yote manne.

Hakuna ujanja wa hesabu utakaoliokoa daftari hilo. Vipimo vya mara moja kwa siku haviwezi kutofautisha bahari inayogeuka mara nne kwa siku na bahari inayogeuka mara moja kwa juma. Dawa ni kupima mara nyingi zaidi, na ili mtu ajue apime mara ngapi lazima ajue kwanza, walau kwa makisio, kitu anachokipima hugeuka kwa haraka kiasi gani.

MVUA ZA DAR ES SALAAM

Jedwali la 2 ni la vipimo halisi. Linaonyesha wastani wa mvua ya kila mwezi, kwa milimita, katika jiji la Dar es Salaam kwa miaka 30, tangu 1971 hadi 2000.

Jedwali la 2: Wastani wa mvua, Dar es Salaam, 1971–2000

| Mwezi | Mvua (mm) | Mwezi | Mvua (mm) |
|---|---|---|---|
| Januari | 76.3 | Julai | 25.6 |
| Februari | 54.9 | Agosti | 24.1 |
| Machi | 138.1 | Septemba | 22.8 |
| Aprili | 254.2 | Oktoba | 69.3 |
| Mei | 197.8 | Novemba | 125.9 |
| Juni | 42.9 | Desemba | 117.8 |

Mwanafunzi anayefuata kanuni bila kufikiri ataandika vipindi vitano: kupungua Januari hadi Februari, kuongezeka Februari hadi Aprili, kupungua Aprili hadi Septemba, kuongezeka Septemba hadi Novemba, kupungua Novemba hadi Desemba. Lakini baada ya Desemba huja Januari. Jedwali la wastani wa miezi ni duara lililokatwa mahali fulani ili liingie kwenye karatasi, na lilikatwa Januari kwa sababu za kalenda, si za mvua. Likiunganishwa tena, vipande viwili vya kupungua vinakuwa kimoja, Novemba hadi Februari, na vipindi vyote ni vinne: masika na vuli, na kushuka kunakofuata kila moja.

Vipindi viwili vya kuongezeka visiunganishwe kuwa kimoja. Kusema kwamba mvua huongezeka «Februari hadi Aprili na Septemba hadi Novemba» kana kwamba ni kipindi kimoja chenye pengo ni kosa, kwa maana Machi na Novemba zote zimo ndani ya maneno hayo, Novemba ndiyo ya baadaye, na bado 125.9 ni ndogo kuliko 138.1. Kila kipindi kisimame peke yake.

Sasa watazamwe Julai, Agosti na Septemba: 25.6, 24.1, 22.8. Alama ni ya kutoa mara mbili, kwa hiyo kwa mujibu wa jedwali mvua inapungua. Je, mkulima ajali upungufu wa milimita 1.3 kati ya Agosti na Septemba? Kwanza mwanafunzi akumbuke kwamba Septemba ina siku 30 na Agosti ina siku 31. Agosti ilipata wastani wa milimita 0.777 kwa siku na Septemba 0.760. Kama Septemba ingekuwa na siku 31 kwa kiwango hicho hicho ingepata milimita 23.6 hivi, na upungufu ungekuwa nusu milimita. Zaidi ya nusu ya «kupungua kwa mvua» kulifanywa na waliotunga kalenda. Kilichobaki ni kidogo mno kuweza kusimamia hoja yoyote, hasa kwa kuwa wastani wa miaka mingine 30 ungetoa namba zilizosogea kidogo huku au kule. Jibu la busara ni kwamba mvua hushuka sana hadi Juni, kisha hubaki karibu palepale hadi Septemba. Mtahini anaweza kudai jibu la alama tupu, na mwanafunzi atampa. Lakini ajue anachompa.

Kuna tofauti nyingine kati ya jedwali hili na la kwanza. Mita 0.4 ya saa 4 asubuhi ni kimo cha maji kwa wakati huo mmoja. Milimita 254.2 za Aprili si za wakati mmoja. Ni jumla ya maji yaliyoanguka kwa siku 30. Kwa hiyo kuuliza mvua ilikuwa kiasi gani «kati ya Aprili na Mei» hakuna maana kama ile ya kuuliza maji yalikuwa kimo gani kati ya saa 4 na saa 6. Hakuna kitu kati ya miezi hiyo ila usiku mmoja.

Namba za jumla, tena, zaweza kulimbikizwa. Mwisho wa Januari kopo lisilomwagwa lingekuwa na milimita 76.3, mwisho wa Februari 131.2, mwisho wa Machi 269.3, mwisho wa Aprili 523.5, na kuendelea hadi 1149.7 mwisho wa Desemba. Jedwali hili jipya linaongezeka mwaka mzima bila kipindi hata kimoja cha kupungua. Mwanafunzi mmoja akisema mvua ilipungua tangu Aprili hadi Septemba, na mwingine akisema haikupungua kamwe, yawezekana wote wamesema kweli, kila mmoja juu ya kiasi chake. Tofauti za jedwali la limbiko ni mvua ya mwezi mmoja mmoja. Na limbiko la mvua ya mwezi mmoja mmoja ni jedwali la limbiko. Atakayeona vizuri kwamba kazi hizi mbili hutenguana amekwisha kuona kiini cha kalkulasi kabla ya kufundishwa alama zake.

WATU WA TANZANIA

Mfano wa mwisho hauhitaji maelezo mengi, lakini ndio unaowanasa hata watu wazima. Sensa za Tanzania zilihesabu watu milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, milioni 23.1 mwaka 1988, milioni 34.4 mwaka 2002, milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022. Idadi inaongezeka muda wote. Swali gumu zaidi ni kama ongezeko lenyewe linaongezeka.

Tofauti za jirani, kwa milioni, ni 5.2, 5.6, 11.3, 10.5 na 16.8. Anayesoma haraka atasema ongezeko lilipungua baada ya mwaka 2002, kwa kuwa 10.5 ni ndogo kuliko 11.3. Lakini milioni 11.3 zilipatikana kwa miaka 14, na milioni 10.5 kwa miaka 10. Sensa hazikufanywa kwa nafasi zilizo sawa, na penye nafasi zisizo sawa tofauti tupu hazilinganishiki. Kila moja sharti igawanywe kwa miaka yake. Matokeo, kwa milioni kwa mwaka, ni 0.47, 0.56, 0.81, 1.05 na 1.68. Ongezeko halikupungua hata mara moja.

Kisha atokee mtu wa tatu aulize kwa watu mia moja waliopo huongezeka wangapi kila mwaka. Jibu, kwa kukadiria, ni 3.2, kisha 2.8, 2.8, 2.7, na mwisho 3.2. Hapa kweli pana kushuka, halafu kupanda. Anayepanga idadi ya madarasa na madawati ahesabu kwa milioni. Anayelinganisha nchi moja na nyingine ahesabu kwa mia. Mgombano mwingi wa magazetini kuhusu jambo hili ni wa watu wawili wanaosoma safu mbili tofauti za jedwali moja.

MAZOEZI

Shule iliyo mbali na bahari ipime joto kivulini kila baada ya saa 2, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Wanafunzi watafute vipindi vya kuongezeka na kupungua, wakadirie kwa njia ya tofauti saa ambayo joto lilifikia kilele, kisha siku ya pili wapime kila baada ya nusu saa karibu na saa hiyo na kulinganisha. Siku ya mawingu mengi njia hiyo huenda isifaulu. Waeleze ni dhana gani iliyovunjika.

Kwa Jedwali la 2, mvua ya kila mwezi igawanywe kwa siku za mwezi huo, Februari ikihesabiwa kuwa na siku 28 na robo. Je, kuna alama hata moja iliyogeuka?

Sensa ya mwaka 1988 ikifutwa katika orodha, ongezeko la mwaka mmoja kati ya 1978 na 2002 linakuwa kiasi gani, na ni jambo lipi lililoonekana hapo mwanzo ambalo sasa halionekani tena?

Mwisho, mwanafunzi wa pwani afikirie mpimaji anayerudi kwenye mti wake wenye alama kila baada ya saa 12 na dakika 25 kamili, usiku na mchana, kwa juma zima, akipima bahari ya Jedwali la 1. Aandike namba saba za kwanza za daftari lake, na aeleze daftari hilo lingemwambia nini mtu ambaye hajawahi kuiona bahari.